Safari za Kikazi kwa Mwanamke: Mwongozo Kamili wa Kulinda Afya na Utulivu wa Mwili

Safari ya kikazi hutofautiana na safari ya mapumziko kwa jambo moja la msingi: tarehe, saa na mahali pa kulala huwa vimekwisha kupangwa na mtu mwingine, ambaye mara nyingi anatazama bei ya tikiti na saa ya mkutano tu. Mwili wa msafiri hauna kiti katika kikao hicho. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye ratiba, na mkoba wa dawa utafuata baadaye, kwa kuwa sehemu kubwa ya maradhi madogo ya safarini, kama vile kuumwa kichwa, kufunga choo, kukosa usingizi na maambukizi ya njia ya mkojo, huzaliwa na siku ambayo haikuachiwa nafasi ya kunywa maji, kwenda haja wala kulala.

Hatua ya kwanza: Jadili ratiba kabla tikiti haijakatwa

Unapoarifiwa kwamba unatakiwa kusafiri, omba kuiona ratiba nzima kabla ya kukubali tarehe. Tazama saa ya kuondoka, muda wa kusubiri ndege ya kuunganisha, saa ya kutua, na hasa umbali uliopo kati ya kutua na kikao cha kwanza. Iwapo utavuka kanda tatu za saa au zaidi, omba kufika angalau siku moja kabla ya kazi kuanza. Kwa makadirio ya kawaida, mwili huhitaji takribani siku moja kwa kila kanda ya saa ili kuyazoea majira mapya, na safari ya kuelekea mashariki huchosha zaidi kuliko ya kuelekea magharibi. Sababu yake ni kwamba saa ya ndani ya mwili, kwa watu wengi, huzunguka kwa muda unaozidi saa 24 kidogo, hivyo kuuchelewesha usingizi ni rahisi kuliko kuuwahisha.

Safari ikiwa ni ya siku mbili tu, usihangaike kujizoesha majira mapya. Ni afadhali ulale na kula kwa kufuata saa za nyumbani kadiri inavyowezekana, na kuomba vikao viwekwe katika saa ambazo kwako ni mchana.

Kutua usiku wa manane ni tatizo la afya na la usalama kwa pamoja, kwa hiyo kama hakuna ndege nyingine, hakikisha usafiri wa kukupokea umelipiwa na kuthibitishwa kabla hujaondoka. Ndani ya siku ya kazi yenyewe, omba mapumziko ya dakika 15 kila baada ya saa mbili au tatu. Wanawake wengi huona haya kuomba hayo, wakihofia kuonekana dhaifu mbele ya wenzao. Kwa maoni yangu, ombi hilo halihitaji kuambatana na maelezo yoyote ya mwili: inatosha kusema kwamba mtu aliyelala husoma mkataba vizuri kuliko aliyekesha, jambo ambalo hakuna mwajiri awezaye kulikana.

Kisha weka kalenda yako ya hedhi kando ya ratiba. Ukiona siku nzito ya hedhi inaangukia siku ya safari ndefu au ya hotuba muhimu, bado una wiki kadhaa za kuamua la kufanya, na uamuzi huo ni sehemu ya hatua ya tatu.

Hatua ya pili: Muone daktari na utayarishe karatasi

Nenda kwa daktari wiki nne hadi nane kabla ya safari ikiwa unaelekea nchi usiyoizoea, kwa sababu baadhi ya chanjo hutolewa kwa dozi zaidi ya moja na nyingine huchukua muda kuanza kufanya kazi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu mwaka 2016 cheti hicho hudumu maisha yote ya aliyechanjwa, kwa hiyo usikubali kurudia chanjo kwa sababu tu kadi yako ina umri mkubwa. Uliza pia kuhusu malaria. Ikiwa una mimba au unapanga kuipata, sema mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa za kuzuia malaria, doksisaiklini ikiwa mojawapo, hazimfai mjamzito.

Dawa unazotumia kila siku zikae katika vifungashio vyake vya asili, pamoja na nakala ya cheti cha daktari kinachotaja jina la kitaalamu la dawa badala ya jina la kibiashara pekee. Dawa za maumivu zenye kodeini, na baadhi ya dawa za usingizi au za kutuliza wasiwasi, zinadhibitiwa vikali katika nchi kadhaa, hivyo ulizia ubalozini kabla ya kuzifunga. Beba akiba ya siku chache zaidi ya muda wa safari, na uziweke zote katika mkoba wa mkononi: begi likipotea, nguo zitanunuliwa siku hiyohiyo, lakini dawa ya shinikizo la damu au ya kifafa huenda isipatikane bila cheti kipya.

Soma bima ya safari ukitafuta mambo mawili tu: kama inagharimia kukusafirisha kwa dharura hadi hospitali yenye uwezo, na kama inahusisha matatizo ya ujauzito.

Hatua ya tatu: Panga mapema hedhi na uzazi wa mpango

Anayetumia vidonge vya kuzuia mimba anapaswa kujua ni vya aina gani kabla hajabadili saa yake ya mkononi. Vidonge vyenye homoni mbili, estrojeni na projestini, vina uvumilivu mkubwa, na kuchelewa kwa saa chache hakuondoi kinga. Vidonge vya projestini pekee vya aina ya zamani huruhusu kucheleweshwa kwa saa 3 tu, ilhali vile vyenye desogestreli, aina mpya zaidi ya projestini, huruhusu saa 12. Njia iliyo salama ni kuweka kengele ya simu inayofuata saa ya nyumbani kwa safari yote, au, kama saa hiyo inaangukia usingizini, kumeza kidonge mapema kuliko kukichelewesha. Ukitapika ndani ya saa 3 baada ya kumeza, meza kingine. Kuharisha sana kwa zaidi ya siku moja kunahesabiwa kama kukosa vidonge, kwa hiyo tumia kondomu hadi utakapokamilisha siku saba za vidonge bila kukosa, au muda ulioandikwa katika karatasi ya vidonge vyako.

Hedhi inaweza pia kusogezwa mbele. Anayetumia vidonge vya homoni mbili vyenye kipimo kimoja katika pakiti nzima anaweza, kwa kawaida, kuanza pakiti mpya bila kupitia siku za mapumziko, na mara nyingi hedhi haitatoka. Asiyetumia vidonge anaweza kuandikiwa na daktari norethisteroni, dawa ya homoni ya kuchelewesha hedhi, ambayo huanza kumezwa takribani siku 3 kabla ya tarehe ya hedhi. Yafaa ieleweke kwamba dawa hiyo katika matumizi haya haizuii mimba, na kwamba sehemu yake hugeuka kuwa estrojeni mwilini. Kwa hiyo aliyewahi kupata damu iliyoganda mguuni au kwenye pafu amweleze daktari waziwazi. Usiijaribu kwa mara ya kwanza wiki ya safari yenyewe. Mwili unaotokwa na matone ya damu bila mpangilio kikaoni ni mzigo mkubwa kuliko hedhi iliyotarajiwa.

Ukiamua kuiacha hedhi ije kwa wakati wake, beba pedi au tamponi za kutosha kwa siku zote, kwa sababu aina uliyoizoea huenda isiuzwe uendako. Tamponi isikae mwilini zaidi ya saa 8, kwani kuiacha muda mrefu huongeza hatari ya ugonjwa unaoletwa na sumu ya bakteria, uitwao sindromu ya mshtuko wa sumu, ambao ni nadra lakini huua. Homa kali ya ghafla, vipele kama vya kuungua na jua, kutapika na kizunguzungu wakati unatumia tamponi ni sababu ya kuitoa papo hapo na kwenda hospitali. Kikombe cha hedhi hudumu hadi saa 12 na ndicho kinachofaa zaidi kwa safari ndefu, mradi umekizoea kwa miezi miwili mitatu ukiwa nyumbani na unaweza kupata maji safi ya kukisuuzia. Chupa ndogo ya maji uliyoingia nayo chooni inatosha. Dawa ya maumivu ya tumbo, kama ibuprofeni kwa asiye na vidonda vya tumbo, hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa maumivu yanapoanza, kabla hayajakomaa.

Hatua ya nne: Funga begi kwa kufuata mwili, kisha kwa kufuata vikao

Chupi za pamba, sidiria moja isiyobana ya kusafiria, na viatu viwili vilivyokwisha kuzoea mguu ni bora kuliko suti ya tatu. Miguu huvimba baada ya safari ndefu, na kiatu kipya chenye kisigino kitakuumiza siku ileile unayotakiwa kusimama. Begi la bega moja huvuta shingo na mgongo, kwa hiyo tumia la magurudumu au la mgongoni.

Katika mkoba wa mkononi weka chupi moja ya akiba, pedi mbili, dawa zote, tambara au karatasi laini za chooni, dawa ya kutakasa mikono, vifaa vya kuziba masikio na kitambaa cha kufunika macho. Viwanja vingi vya ndege bado vinaweka kikomo cha mililita 100 kwa kila chombo cha kimiminika.

Hatua ya tano: Ndani ya ndege, treni au gari

Hewa ndani ya ndege ni kavu mno, unyevu wake ukiwa kwa kawaida chini ya asilimia 20, na shinikizo lake ni kama la mlima wenye urefu wa mita 1,800 hadi 2,400. Ukavu hukausha macho, pua na ngozi, kwa hiyo vua lenzi za macho na uvae miwani. Shinikizo dogo hufanya gesi ya tumboni itanuke, jambo linaloeleza kwa nini kiuno cha sketi kilichokutosha asubuhi hukubana angani. Vaa nguo yenye kiuno kinacholegea na uepuke soda.

Hatari inayostahili uangalifu wa kweli ni damu kuganda katika mishipa ya ndani ya miguu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2007 kwamba hatari hiyo huongezeka takribani mara mbili baada ya safari ya saa 4 au zaidi, ingawa kwa mtu mwenye afya inabaki kuwa ndogo, karibu mtu mmoja kati ya 6,000. Chanzo ni kukaa bila kusogea, hivyo basi au treni nayo inahusika. Mwanamke huongezewa hatari na estrojeni ya vidonge vya uzazi wa mpango, na ujauzito na wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua, na unene uliokithiri, na upasuaji wa karibuni, na ukoo wenye historia ya tatizo hilo. Aliye katika kundi mojawapo amuulize daktari kuhusu soksi za kubana zinazoishia chini ya goti. Wengine wote wachague kiti cha kando ya ujia, wasimame na kutembea kila baada ya saa moja au mbili, na wawapo kitini wainue visigino na vidole kwa zamu ili misuli ya kigimbi cha mguu iisukume damu kurudi juu. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikiuma na kupata joto, au pumzi ikikatika ghafla pamoja na maumivu ya kifua, tafuta hospitali siku hiyohiyo, hata kama safari iliisha wiki mbili zilizopita.

Kuna mazoea ambayo wanawake wengi wanayo na ambayo hayatajwi: kutokunywa maji ili kuepuka choo cha safarini. Ni akiba ya uongo, na gharama yake imeelezwa katika hatua ya saba.

Hatua ya sita: Chumba na usingizi

Omba chumba kisicho cha ghorofa ya chini na kisicho kando ya lifti. Mpokezi akikitaja kwa sauti nambari ya chumba mbele ya watu, una haki ya kuomba kingine. Ukishaingia, hesabu milango iliyopo kati ya chumba chako na ngazi za dharura, kwa sababu katika moshi utatafuta njia kwa mikono. Kabari ndogo ya mpira chini ya mlango ni nyepesi na hutuliza akili kuliko kufuli nyingi.

Utulivu huo una maana ya kiafya. Watafiti wa usingizi wameonyesha kwamba katika usiku wa kwanza mahali pageni nusu moja ya ubongo hubaki na tahadhari zaidi kuliko nyingine, ndiyo maana mlio mdogo wa mlango wa jirani hukuzindua. Punguza mwanga, ziba masikio, punguza joto la chumba, na ulale na foronya au shuka jepesi ulilotoka nalo nyumbani. Kahawa ya alasiri bado iko mwilini usiku, kwani kafeini huchukua takribani saa 5 kupungua kwa nusu. Ikiwa umeelekea mashariki, tafuta mwanga wa jua asubuhi, isipokuwa umevuka kanda nyingi sana, kwani hapo asubuhi ya ugenini ni usiku wa manane wa mwili wako na mwanga wa karibu na adhuhuri hufaa zaidi. Ikiwa umeelekea magharibi, kaa kwenye mwanga wa jioni. Melatonini, homoni ya usingizi inayouzwa kama vidonge, huwasaidia baadhi ya wasafiri, lakini katika nchi nyingine huuzwa kwa cheti pekee, na mjamzito au anayenyonyesha asiitumie bila kumuuliza daktari.

Kwa kazi ya kompyuta chumbani, inua skrini kwa kuiweka juu ya vitabu au sanduku hadi ifikie usawa wa macho. Kitanda si meza.

Hatua ya saba: Maji, chakula na njia ya mkojo

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na ufupi huo huwapa bakteria wa utumbo, hasa Escherichia coli, njia ya mkato kufikia kibofu. Mkojo unaotoka mara kwa mara huwasukuma nje, na mkojo unaozuiliwa kwa saa nyingi huwapa muda wa kuzaana. Hapo ndipo ratiba isiyo na mapumziko inapokuwa ugonjwa. Kunywa kidogokidogo hadi mkojo uwe na rangi ya manjano hafifu, nenda haja kabla ya kila kikao hata kama hujabanwa sana, jifute kutoka mbele kwenda nyuma, na ukojoe baada ya tendo la ndoa. Usijisafishe ndani ya uke kwa sabuni au manukato. Huko hujisafisha kwenyewe. Mkojo ukichoma na ukihisi kubanwa kila dakika, muone daktari au mfamasia mapema. Homa, kutetemeka, au maumivu ya ubavuni humaanisha kwamba maambukizi huenda yamefika kwenye figo, na hayo hayasubiri mwisho wa mkutano.

Anayejijua kuwa hupata fangasi za ukeni kila anapotumia antibayotiki abebe dawa yake kutoka nyumbani, alale bila chupi inayobana, na avue haraka nguo za mazoezi zilizoloa jasho.

Kuhusu chakula, kanuni ni chache: kile kilichopikwa na kuletwa kikiwa moto, tunda unalolimenya mwenyewe, na maji ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa pale unapotilia shaka ya bomba. Ukiharisha, hatari ya kwanza ni kupoteza maji. Pakiti za chumvi za kurudisha maji mwilini ni nyepesi kubeba. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji salama na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa juu. Loperamidi, dawa ya kusimamisha kuharisha, hukufikisha kikaoni, lakini usiitumie ukiona damu kinyesini au ukiwa na homa. Kufunga choo, kwa upande wake, hutokana na kubadilika kwa saa za kula na kuharakishwa asubuhi: amka nusu saa mapema, kunywa maji ya uvuguvugu, tembea kidogo, na ukae chooni bila simu.

Kwa mjamzito na anayenyonyesha

Mashirika mengi ya ndege humruhusu mwenye mimba ya mtoto mmoja kusafiri hadi wiki ya 36, na mwenye pacha hadi wiki ya 32, na mengi hudai barua ya daktari kuanzia wiki ya 28. Masharti hayo hutofautiana, kwa hiyo yasome kwa safari ya kurudi pia, ambayo huangukia wiki za mbele zaidi. Mkanda wa kiti upite chini ya tumbo, juu ya mapaja.

Anayenyonyesha aandikiwe muda wa kukamua katika ratiba ya vikao kama anavyoandikiwa chakula cha mchana, kwani titi lililojaa na kuachwa huvimba, huuma na linaweza kupata uambukizo. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa salama hadi saa 4 katika joto la kawaida la chumba, hadi saa 24 katika mfuko wa kutunza ubaridi wenye vipande vya barafu, na hadi siku 4 katika jokofu. Omba jokofu la chumbani kabla hujafika, na ubebe pampu katika mkoba wa mkononi pamoja na betri za akiba. Katika viwanja vingi vya ndege maziwa ya mama husamehewa kikomo cha mililita 100, lakini yatangaze mwenyewe kwa wakaguzi kabla hawajayakuta.

Hatua ya mwisho: Siku za kurudi

Usikubali kikao cha asubuhi siku inayofuata usiku wa kurudi. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kutoka eneo lenye malaria ipimwe siku hiyohiyo, na daktari aambiwe ulikokwenda, hata kama ulimeza dawa za kinga. Anayetumia dawa hizo aendelee nazo hadi siku zilizoandikwa ziishe, kwa kuwa kuzikatisha ukiwa nyumbani ni kosa la kawaida mno.

Kabla hujalifungua begi lote, andika kilichokuishia, kilichokaa bila kuguswa, kiatu kilichokuumiza, na saa ambayo mwili ulianza kukataa kazi. Karatasi hiyo ihifadhiwe pamoja na pasipoti, ili iwe mkononi siku utakapoletewa ratiba nyingine na kuulizwa kama tarehe zinakufaa.